Mikeka ya Kidimbwi cha Kwanza

Esihosheni,
9 Oktoba 2016

Na sikumaliza kukuambia, Shangazi, maana gari lenu liliondoka nikiwa bado nimekushika mkono dirishani. Nilitaka kusema kwamba nina furaha mpaka naona aibu. Basi namalizia sasa kwa kalamu.

Salamu kwanza. Hujambo? Mgongo nao? Na yule mbwa wako asiyempenda mtu? Huku hatujambo sote. Mama mkwe hajambo, ng'ombe hawajambo, na mimi sijambo kupita kiasi. Hakuna anayeniita Nokubonga tena. Naitwa MaShezi, kwa jina la ukoo wetu, na kila nikiitwa nageuka nikidhani ni wewe umeingia.

Simu inashika kule juu kilimani tu, na bi harusi mpya hazururi kilimani. Ndiyo maana naandika. Dereva wa gari la Ijumaa ni binamu wa mume wangu, atakuletea barua mpaka mlangoni. Jina la mume wangu silitaji hata kwenye karatasi, si unajua adabu zetu, namwita kwa sifa ya ukoo wao tu, Nondaba. Nikilitamka moyo unaruka kama mwanambuzi.

Shangazi, huyu mtu! Asubuhi nikienda mtoni ananifuata, anajifanya anatafuta mbuzi. Tukirudi ananibebea ndoo. Mwanamume huku habebi maji, watu wangecheka mpaka waumwe mbavu, kwa hiyo anabeba mpaka kwenye kona, pale nyumba inapoanza kuonekana, kisha ananirudishia kichwani taratibu kama ananivika taji. Kila siku navikwa taji! Juzi aliniletea mapera matatu ndani ya kofia. Nilikula mawili, la tatu nimelificha kwenye sanduku, linanukia nguo zangu zote.

Na ile mikeka yako! Mpaka leo inasemwa. Siku ya mimi kuwagawia wakwe zawadi wale shangazi zake walikaa wamekunja midomo, wanangoja kuona aibu yetu. Nikasikia mmoja anasema, "Watu wa mjini hawa, watatutandikia plastiki." Ulipokunjua wa kwanza wakainua shingo. Ikhwane ya kweli, majani marefu ya majini, bado yana ukijani wake! Mama mkwe akajilaza juu ya wake, nikamfunika blanketi, akaruka akacheza kama msichana. Na ule wa marehemu baba mkwe umetandikwa nyuma kabisa ndani ya nyumba kubwa, pale wanapozungumza na wazee wao waliotangulia. Kila nikiingia kufagia nauona, najivuna. Nilikuona ukipiga vigelegele, kisha ukajifuta uso. Nami nililia.

Mama mkwe anauliza ikhwane yake uliinunua wapi. Anasema mwezi wa tisa ikhwane nzuri haipatikani, watu hukata wakati wa baridi. Nikamwambia shangazi yangu hashindwi na kitu.

Kazi yako ya vidimbwi vya manispaa inaendeleaje? Nilimchorea Nondaba kwenye mchanga. Juu kabisa gereji na mahali pa kuoshea magari. Chini yake vidimbwi vyako vinne vinashuka kama ngazi, vimepandwa ikhwane. Maji ya mvua yanaingia juu yakiwa meusi, mizizi na mchanga vinayachuja, na yakifika chini nyumbani kwa rafiki yako MaNgubane yamekuwa safi na hasira zimeyaisha. Akafikiri sana, akasema, "Kwa hiyo shangazi yako anafua maji?" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Msalimie MaNgubane. Mwambie vidole vyake vilivyosuka vibarikiwe. Nitakuja kukuona mwezi ukiisha tu.

Mwanao mwenye furaha,
Nokubonga (MaShezi!)


Emadwaleni,
30 Oktoba 2016

Nokubonga mwanangu,

Barua imefika. Sijambo. Mgongo ni mgongo. Mbwa amemrukia msoma mita wa umeme, sasa tunasomewa mita kutoka ng'ambo ya barabara. Baba yako ametuma salamu kutoka migodini. Hakuuliza harusi ilikuwaje, lakini nilimweleza, nikamweleza kwa urefu ili imuume.

Nimefurahi kwamba umefurahi. Ila beba ndoo yako mwenyewe. Na huyo bwana anayebeba mpaka kwenye kona, mwambie kona si mahali pabaya, akitaka ajenge hapo.

Ikhwane niliinunua kwa mtu. Ukiulizwa tena, sema hivyo hivyo, shangazi alinunua kwa mtu.

Mvua ya kwanza imenyesha. Vidimbwi vipo.

Usipige simu hata ukifika huko kilimani. Kwenye simu watu husikilizana sauti badala ya maneno.

Mwezi ukiisha usije. Bi harusi akionekana kwao mapema, majirani huhesabu siku kwa vidole. Kaa kwanza.

Shangazi yako,
Bajabulile


Esihosheni,
13 Novemba 2016

Shangazi mpendwa,

Salamu kutoka kwenye matope! Hujambo? Sisi hatujambo, ila mama mkwe ana kikohozi, namchemshia majani. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama mwenye nyota usoni, na Nondaba amempa jina langu la utotoni. Mama yake alimwambia, "Unampa ng'ombe jina la mke, siku tukimchinja utakula nini?" Akajibu, "Huyu hachinjwi." Nilikuwa nakanda unga, nikaukanda mpaka ukalainika kama shavu la mtoto.

Barua yako ilikuwa fupi kama risiti. Uliandika vidimbwi vipo. Mimi nimelelewa pale, Shangazi. Ukirudi nyumbani ilikuwa leo umekuta chupa ngapi mdomoni mwa bomba, kesho mbuzi wa nani kaingia, keshokutwa yule mwenye gereji kamwaga nini. Nilikuwa nalala unasema. Sasa vipo tu? Na MaNgubane hukumtaja kabisa, wakati nyinyi wawili hamwezi kunywa chai mbali mbali.

Dereva ameniambia maji yaliingia kwenye nyumba za chini. Nikamwuliza za nani, akasema yeye hupita barabarani, hajui za nani. Ni kweli?

Huku mvua haikatiki. Kila kitu kimelowa, hata kiberiti. Mama mkwe anasema nyumba kubwa ina harufu. Amenifanya nipake sakafu upya kwa mavi ya ng'ombe, nimepaka, amesema bado. Nondaba anasema ni panya aliyefia kwenye paa. Amepanda, hakuona panya, ila alishuka na buibui kichwani, akakimbia ua mzima akipiga kelele, nami nikagundua kuwa nimeolewa na shujaa.

Nampenda sana. Namwangalia akilala. Usimwambie mtu.

Krismasi njoo basi wewe, kama mimi sitakiwi kuonekana. Mama mkwe atachinja. Anakusifu kila siku kwa ajili ya ile mikeka.

Nokubonga


Emadwaleni,
18 Desemba 2016

Nokubonga,

Barua yako ilikaa hapa mezani. Sikuwa na nafasi, na nilipopata nafasi nikaosha vyombo vilivyo safi.

Hujambo? Mama mkwe kapona? Mbwa amekufa. Usilie, alikuwa mzee na hakumpenda mtu. Baba yako hatakuja Krismasi.

Mimi pia sitakuja. Nimepumzika kazi kidogo. Mgongo.

Ndiyo, maji yaliingia chini. Yaliingia kwa MaNgubane. Jiko lake limeanguka ukuta mmoja, na fremu yake ya kusukia ilikutwa barabarani imevunjika. Yuko kwa mkwewe kwa sasa. Unamjua yule mkwe, anamhesabia vijiko vya sukari. Sijaenda kumwona.

Ulitaka kujua, umejua. Sasa furahia sikukuu yako na wala usinitafutie maneno. Kula nyama. Mwambie huyo shujaa wako wa buibui kwamba namsalimu.

Na hiyo harufu, fungueni madirisha.

Bajabulile


Esihosheni,
8 Januari 2017

Shangazi,

Hujambo? Natumaini hujambo. Sisi tunasema hatujambo.

Nyumba kubwa haina dirisha. Wewe mwenyewe uliingia mle siku ya harusi, ukaona.

Nisikilize, usikunje barua katikati. Baada ya mwaka mpya mama mkwe aliingia kumweleza marehemu mumewe habari za mbuzi watakayemchinja. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Nilikuwa nje nafagia maji ya mlangoni, nikasikia, "MaShezi! Nani ameingiza jenereta humu?"

"Hakuna jenereta, Mama."

"Basi njoo unuse."

Nikatambaa kwa magoti mpaka kule nyuma. Alikuwa amekunja ncha ya ule mkeka wa baba mkwe, akanisogezea puani. Ulikuwa umevuta unyevu, Shangazi, na ulikuwa unanuka gereji. Mafuta ya gari, sabuni ya kuoshea matairi, kitu kilichoungua. Mama mkwe hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Alisema polepole:

"Unajua mume wangu alikufaje?"

Nikasema najua, ajali ya barabarani.

"Alivutwa kutoka chini ya lori, akinuka hivi hivi. Nilimwosha mimi. Nilimwosha na ndimu, nilimwosha na majani, harufu haikutoka, nikamzika nayo. Miaka yote nimeomba ipotee huko aliko. Leo unamlaza juu yake tena?"

Nilisema sikujua. Akasema, "Najua hukujua, mtoto. Aliyeuleta anajua."

Akauchukua kwa mpini wa ufagio, asiuguse, akautoa mpaka nje ya lango akauacha mvuani. Kisha wake. Kisha akanusa wa shangazi mmoja baada ya mwingine, yote ikatoka. Watu walikuwa wanapita. Walisimama. Wale waliokunja midomo siku ya harusi walikuja kuikunjua kwa kicheko.

Nondaba alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama viatu vyake. Baadaye alinikuta nalia, akanishika mabega, akasema, "Vumilia, mpenzi wangu, Mama atapoa." Mikono yake ilikuwa ya joto na maneno yake yalikuwa mazuri. Lakini mkeka ulikuwa bado mvuani, na yeye ndiye aliyekuwa karibu na lango.

Niliutoa mimi. Niliupeleka kibandani, nikaulalia, nikaweka pua. Ndipo nikajua. Shangazi, ile ni harufu ya kidimbwi cha kwanza, kile cha juu kinachopokea maji ya gereji. Nilikuwa nakuletea chakula pale nikitoka shule. Ulikuwa ukinifukuza kwa mkono: "Usikanyage ndani, unaugandamiza mchanga, utashindwa kunywa." Pua haisahau.

Hukununua kwa mtu.

Mama mkwe anataka uje mwenyewe na mkeka mpya wa baba mkwe, upige magoti kule nyuma, umwambie marehemu ule wa kwanza ulitoka wapi. Mpaka hapo sikai pamoja nao wakila. Nakula jikoni. Nondaba ananiletea nyama imefichwa mfukoni. Bado ananiletea.

Niambie ukweli. Ulifanya nini, na kwa MaNgubane kulitokea nini hasa?

Nokubonga


Emadwaleni,
29 Januari 2017

Nokubonga,

Salamu za nini tena. Tuziache.

Ndiyo. Nilikata. Ulitaka kusikia, sikia.

Yule mtu wa mtoni aliyeahidi ikhwane alikuja na mzigo uliooza katikati, na harusi ilikuwa mlangoni. Nilikwenda dukani. Mikeka yao ni majani ya plastiki yaliyopakwa rangi ya majani. Niliishika mkononi nikakumbuka ya kwangu. Wewe uliambiwa Shangazi hakuwahi kuolewa. Niliolewa. Nilipelekwa kwa watu na mikeka ya kuazima na ya dukani, wakaninyanyasa nayo, na kabla mwaka haujaisha walinirudisha nayo, imefungwa kamba, juu ya gari la kuni, mchana, ili kila mtu aione. Ndipo nikaja kukaa kwa baba yako, ndipo ukazaliwa, ndipo nikakulea. Sikukuambia kwa sababu halikuwa lako.

Basi nikasema mtoto huyu hataenda hivyo. Nikachukua mundu wangu nikaingia kwenye vidimbwi vyangu mchana kweupe. Ikhwane hukatwa Julai, ikiwa imekauka, na unaacha kisiki cha urefu wa kiganja ili mizizi ipumue. Nimewafokea watu miaka mingi kwa jambo hilo. Mimi nilikata Septemba, machipukizi yakiwa ndiyo kwanza yanapanda, na nilikata mpaka kwenye tope, maana mikeka ya ukoo mzima inataka mashina marefu. Vyote vinne. Vilibaki kama vichwa vilivyonyolewa kwa msiba.

MaNgubane alipoona mzigo aliniuliza, "Baja, mwezi wa tisa?"

Nikamwambia, "Suka."

Akasema, "Maji ya huko juu yanashukia kwangu, unajua."

Nikamwambia, "Suka, mvua iko mbali." Tumejuana tangu tukiwa na meno ya maziwa. Akasuka. Maji ya bomba mtaani yalikuwa yamekatika, kwa hiyo majani tuliyaloweka kwenye kidimbwi cha kwanza ili yalainike. Yalinuka kidogo. Nikayaanika juani, yakanukia majani. Nilidhani imekwisha.

Mvua haikuwa mbali. Kidimbwi kisicho na majani hakina kinga. Tope la barabarani lilishuka likatanda juu ya mchanga kama utando juu ya maziwa, na maji yakakosa pa kuingilia. Yalijaa, yakafurika, yakaruka kutoka kimoja hadi kingine. Nilikuwa pale nimeshika jembe, nakwangua utando, na ukikwangua hapa unaziba pale. Niliyaona yakienda kwa MaNgubane. Nilimwita. Alitoka. Jiko likaanguka nyuma yake.

Hanisemeshi. Alisuka mikeka iliyomtoa nyumbani kwake, na mimi ndiye niliyemwambia suka.

Wasimamizi wa manispaa walikuja wakaona visiki. Nilisema ng'ombe waliingia. Wakatazamana. Emadwaleni hakuna ng'ombe. Sasa wameniondoa kazini, wameleta vijana wa kampuni wenye mashine za kukatia nyasi. Wanatembea ndani ya vidimbwi kama wako sokoni, wanavuta sigara, vipande wanavitupa mdomoni mwa bomba. Mimi natazama kutoka kwenye uzio. Mmoja aliniuliza, "Bibi, umepoteza kitu?"

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Vigelegele vile nilivipiga nikijua majani yalikotoka. Nilipokunjua ule mkeka wa marehemu, mle ndani mlikuwa na giza na moshi, sikusikia harufu yoyote. Habari ya lori hakuna aliyenipa. Mngeniambia. Au ni mimi sikuuliza, sijui.

Siji. Simpigii magoti mwanamke aliyelala juu ya kazi yangu, akacheza, kisha akaitoa nje na ufagio. Mwambie hivyo. Au usimwambie.

Lakini nisikilize kwa jambo moja. Mkeka uliorudishwa usiuache nje. Uingize ndani, uukaushe, uukunje, uuweke mahali pako. Mimi wangu niliuacha mvuani kwa hasira, na mpaka leo nauota.

Bajabulile


Esihosheni,
12 Februari 2017

Shangazi yangu,

Hujambo? Nauliza kweli, si kwa desturi. Mimi sijambo kiasi. Ndama mwenye nyota amekua, sasa anapiga watu kichwa. Mama mkwe anakohoa tena, namchemshia majani, anayapokea bila kunitazama na anayanywa yote.

Mkeka nimeuingiza ndani. Mingine pia. Iko chini ya kitanda chetu, na mvua ikinyesha chumba kinanuka gereji. Nondaba anageukia ukutani. Mimi nalala nayo.

Barua yako niliisoma mara nyingi, kisha nikafanya jambo utakalonikasirikia. Niliingia nyumba kubwa na kumwambia mama mkwe kila kitu. Nilimwambia kuhusu mundu, kuhusu Septemba, kuhusu jiko la MaNgubane. La wewe kurudishwa sikumwambia. Hilo si lake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anachambua maharage, hakuacha. Kisha akasema, "Kwa hiyo alimfungulia jirani yake maji ili mimi nicheze?"

Nikasema ndiyo, Mama.

Akatupa harage bovu. "Na nilicheza kweli," akasema. "Mungu wangu, nilicheza."

Nilidhani amelainika, nikasogea. Akanisimamisha kwa mkono. "Hilo halimwondolei mume wangu harufu. Kaa huko huko."

Basi nikamwambia ninakwenda kwetu. Akasema bi harusi haondoki kabla hajaruhusiwa na wenye nyumba, na kwamba nikiondoka nisitegemee kukuta nimewekewa mahali. Nikamwambia nimeelewa. Nikaokota ufagio wake, Shangazi, nikafagia maganda ya maharage, nikatoka.

Kuna kijito chini ya shamba lake. Ikhwane imejaa pale, ni yeye aliyeipanda, anaitunza kama watoto, mtu haruhusiwi hata kuchota maji karibu yake. Nilichukua jembe nikashuka. Niliposikia nyayo nyuma yangu nilijua ni yeye, nikangoja matusi. Alisimama, akatazama shimo nililoanza.

"Unachimba upande wa juu," akasema. "Upande wa juu ni wangu. Chimba chini." Akaondoka.

Nimechimba upande wa chini. Nimetoa mizizi na tope lake, yenye machipukizi, yenye afya, ile unayopenda wewe, myeupe kama meno. Nimeifunga kwa majani mabichi, na nimeiviringisha ndani ya ule mkeka wa baba mkwe. Mkeka unavuta unyevu vizuri. Mizizi itafika ikiwa hai.

Nondaba alinisaidia kuchimba. Alichimba vizuri, alitoka jasho. Kisha nikamsikia akimwambia mama yake kwamba tunahamishia ikhwane kwenye chemchemi yetu. Alidanganya, mbele yangu, wakati mama yake mwenyewe ameshaona na ameshajua. Hakuna aliyemlazimisha. Nampenda bado, Shangazi, na hilo linaniudhi kuliko mengine yote. Lile pera nililolificha kwenye sanduku nimelikuta limeoza, limetia doa kwenye gauni langu la harusi. Nimelifua, doa halitoki.

Ameniambia atanibebea furushi mpaka kwenye kona. Nikamwambia safari hii kama analibeba, alibebe kupita kona, apite nalo mbele ya nyumba zote mpaka kwenye gari la Ijumaa. Kama hawezi, asiliguse, kichwa ninacho. Amekwenda kuangalia ng'ombe ambao wamelala zamani.

Wale vijana wa kampuni wakitufukuza kwenye vidimbwi, hatutagombana nao. Tutaanzia chini, pale mbele ya jiko lililoanguka la MaNgubane, tutachimba kidimbwi cha kwetu na kuipanda mizizi hii. Pale hakuna wa kutufukuza ila yeye. Na akitufukuza, tutasimama pale pale na matope yetu mpaka achoke kutufukuza, na wewe ndiye utakayesema kwanza, si mimi. Nitakushika mkono tu, kama ulivyonishika dirishani.

Mundu uache nyumbani. Noa jembe.

Mwezi wa pili ni mfupi, najua, na nilipokuahidi hapo nyuma sikufika. Lakini mizizi haingoji, ikikauka imekufa. Nondaba awe nyuma yangu amebeba furushi, au niwe peke yangu nalo kichwani, utaniona nikiteremka kutoka barabarani kabla mwezi huu haujaisha.

Nokubonga